Kompyuta mbili, nyumba moja

Mkunazini, Unguja

Sahibu yangu Kombo,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Uliposema rekodi za maulidi za marehemu mzee wako zimo kwenye kompyuta yake ya mezani chumba cha nyuma, na laptopu yako ya ukumbini haiioni, ikawa unazipitisha moja moja kwa WhatsApp kutoka chumba hadi chumba huku unanunua bando, roho iliniuma. Sauti ile nimekua nayo na mimi. Nimeona nikuandikie kwa kituo, kwa simu hatutafika mwisho.

Kwanza ujue kwamba kinachopita baina ya kompyuta mbili za nyumba moja hakitoki nje. Kinatoka kwenye laptopu kinakwenda kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na kutoka kwenye ruta kinakwenda kwenye kompyuta ya pili, basi. Hata bando likiisha, madhali ruta inawaka, zitazungumza.

Na nakuomba sana, usimsikilize huyo kijana aliyekwambia uzime fayawoli, ule ulinzi wa kompyuta unaozuia wa nje wasiingie. Kompyuta ya mzee ni ya Windows 7, na Windows 7 tangu Januari 2020 haiwekewi tena viraka vya usalama. Ukiizimia na fayawoli umeiacha mlango wazi usiku kucha. Atakwambia pia uwashe SMB1. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya kupitishia faili, na ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, hata hospitali za Uingereza zikasimamisha kazi. Windows 7 inajua njia mpya zaidi, huna haja na ile.

Mwaka jana yalinifika haya haya. Unazijua kuta za nyumba yetu, mawe na chokaa, nene hata mtoto anaweza kulala dirishani. Waifai ya ukumbini ikifika vyumba vya nyuma haina nguvu tena. Ndugu yangu akaniletea ruta ya pili, akachomeka waya, intaneti ikafika nyumba nzima. Lakini tangu siku ile kompyuta yangu na ya watoto hazikuonana. Siku tatu nilihangaika ndani ya Windows, nafuta jina la mtumiaji, naliunda upya, nazima, nawasha. Siku ya nne, baada ya Isha, nikachukua karatasi na kalamu. Nikaenda kwenye kila kompyuta, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ipconfig, nikanakili nambari iliyo mbele ya IPv4, ndiyo anuani ya kompyuta kwenye mtandao. Yangu ilikuwa 192.168.1.14. Ya watoto 192.168.0.5. Nilipoziandika moja chini ya nyengine nikaliona: fungu la tatu, huku moja, kule sifuri. Nyumba moja, mitandao miwili! Ule waya ndugu yangu aliutia kwenye tundu la intaneti la ruta ya pili, nayo ikaanzisha mtandao wake na kugawa anuani zake. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaipa anuani ya 192.168.1.2, nikaizuia isigawe anuani, kisha nikauhamisha waya kwenye moja ya yale matundu mengine manne. Nikazima na kuwasha kompyuta ya watoto, ikapewa 192.168.1.15, na folda zikafunguka.

Kwa hivyo, yakhe, anza na karatasi kabla hujagusa kitu. Mafungu matatu ya mwanzo yakiwa sawa, zote zimo mtandao mmoja. Ukikuta nambari inaanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupata anuani kwenye ruta, tazama waya au uiunganishe upya na waifai. Na uliniambia siku za arusi ya mdogo wako uliwafungulia watu waifai ya wageni. Angalia laptopu isije ikawa imebakia huko, maana ruta nyingi aliyeko upande wa wageni hazimwachi aone kompyuta za nyumbani.

Nambari zikiwa sawa, ndipo uingie ndani ya Windows. Kwenye laptopu, fungua mipangilio ya mtandao uone imeandikwa nini. Ikiwa ni Public, inajificha kama vile uko hotelini, ifanye Private. Kwenye ya mzee chagua mtandao wa nyumbani, kisha washa ushirikishaji wa faili. Hapo fayawoli inafungua mlango huo mmoja unaohitajika, na mengine yote inayalinda kama kawaida. Usikitafute kile kikundi cha nyumbani (HomeGroup) tulichokitumia zamani kushirikisha faili, Microsoft walikiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Sasa fungua dirisha la faili kwenye laptopu, na pale juu andika \\ halafu nambari ya kompyuta ya mzee. Usingoje jina lake lijitokeze kwenye orodha, orodha ile mara nyingi huchelewa au haioneshi kitu na njia ni nzima.

Nadhani hapa ndipo penye tatizo lako. Itakuuliza jina na paswodi, nayo inataka za kompyuta ya mzee, si za laptopu yako. Mzee hakupenda paswodi, akibonyeza tu inafunguka. Windows mtu asiye na paswodi haimpitishi kwa mtandao, hata jina lake ukiliandika sawasawa. Kwa hivyo nenda chumba cha nyuma, mwekee mzee paswodi, uiandike mahala mama atapaona, kisha rudi ukumbini ujaribu tena.

Ikifunguka, nakili folda nzima ya maulidi usiku huo huo, na uweke nakala kwenye flashi. Kompyuta ile ina umri, na umeme kwenu hukatika bila taarifa. Jambo jengine la umeme: ukirudi, ruta inaweza kuigawia kompyuta nambari mpya, ukaona njia ya jana imefungika. Kwenye ruta pana pahala pa kuitengea kompyuta nambari yake moja, itengee.

Nipigie picha hiyo karatasi ya nambari unitumie, nitakujibu siku hiyo hiyo. Nikija Wete kwa karafuu nitakuja na flashi yangu, nataka ile rekodi ya usiku mvua ilipotukuta uwanjani na mzee asisite kusoma.

Mama mpe mkono wangu, na watoto wote.

Wasalaam,
Sahibu yako Makame