Hiyo foleni unayoisema ni ipi, mzee wangu?

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mi huwa nasoma tu na kupita, ila barua ya yule mzee wiki iliyopita imenikaa kooni mpaka leo. Anasema hawa wanaoingia Marekani kwa mpaka wa Mexico wafungwe na watoto wao, eti sisi wa kambini tulipanga foleni miaka na miaka, wao kwanini waruke. Jumapili kanisani nikakuta watu wanamsifu, tena watu tuliokula nao mgao Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania.

Mzee wangu, shikamoo kwanza. Sasa tuulizane. 1996 mama yangu anavuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi kutoka Fizi, Kongo, viza alipewa na nani? Nilikuwa na miaka sita, akanifunga mkono kwa kipande cha kitenge kwenye mkono wake ili tukipinduka asinipoteze, asubuhi tukatokea Kigoma tumelowa chapachapa, karatasi hata moja hamna. Wakatuandikisha. Hakuna aliyemwambia mama athibitishe mi ni wake. Kambi ilikuwa na shida zake, siisifii, ukikutwa nje bila kibali unalala ndani, lakini kile kitenge mama alikifungua mwenyewe, siku aliyotaka yeye.

Sasa wengi wetu hatujui kwamba ile kesi kubwa ya watoto kutenganishwa na wazazi huku Marekani aliyeianzisha ni mama Mkongo mwenzetu. Mahakamani wanamwita Bi. L tu, kumficha jina. Novemba 2017 alifika na binti yake wa miaka 6 kwenye kituo cha mpaka cha San Ysidro, San Diego, hakuruka ukuta wala kuogelea mto, alienda getini akasema naomba hifadhi, yaani vilevile mzee anavyotaka watu wafanye. Baada ya siku chache wakamchukua mtoto, mama yuko hapo anamsikia akipiga kelele chumba cha pili, wakampeleka Chicago, karibu maili 2,000, mama kabaki mahabusu ya uhamiaji San Diego. Miezi zaidi ya minne! Sababu? Eti hawana uhakika kama ni mama yake. Kipimo cha DNA kikaja kufanyika Machi 2018, mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wakiwa wameshafungua kesi, na jibu likatoka ni wake. Kwahiyo kwa wale mnaosema watoto wanaazimwa ili watu wavukie mpaka, sawa, pimeni, lakini mnapima kwanza, hamnyang'anyi mtoto halafu ndo mnatafuta sababu.

Aprili 2018 ndo Jeff Sessions, mwanasheria mkuu wa wakati huo, akatangaza kila anayevuka bila ruhusa ashtakiwe kwa jinai. Mzazi akipelekwa jela mtoto haendi naye, basi anaandikwa kama mtoto aliyekuja peke yake. Juni 26 Jaji Dana Sabraw, kwenye kesi hiyohiyo ya Bi. L, akaamuru walio chini ya miaka 5 warudishwe kwa wazazi ndani ya siku 14 na wengine siku 30, hapo ndo ikaonekana ofisi hazina hata orodha nzuri ya nani mtoto wa nani. Begi lako la ndege linabandikwa namba jamani. Watoto waliotenganishwa enzi zile, ukihesabu wote, wanapita 5,000.

Mzee anasema basi wafungwe pamoja. Hapa kwetu Texas kuna Dilley, kusini mwa San Antonio, sehemu ya kufungia familia, watu 2,400, walikifunga 2024 na 2025 kimefunguliwa tena. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishasema tangu 2017 kwamba hata kifungo cha muda mfupi kinamuumiza mtoto. Na 2019 mwanasheria wa serikali alisimama mbele ya majaji kubishana kama sabuni na mswaki ni lazima kwa mtoto aliyezuiliwa, mi nikasema hee, Nyarugusu kwenye vumbi lile sabuni tulikuwa tunapewa.

Njia nyingine ipo na walishaijaribu. 2016 mpaka Juni 2017 kulikuwa na mpango wa kuziacha familia ziishi mtaani huku kuna mtu anazifuatilia kesi zao, gharama dola 36 kwa siku kwa familia nzima, na asilimia 99 walihudhuria mahakamani. Wakaufuta.

Tukirudi kwenye foleni. Sheria ya hapa asailamu, yaani hifadhi, huombi ukiwa kule Kongo, Uvira wala Bukavu, lazima uwe umefika kwenye ardhi ya Marekani, na imeandikwa hata kama hukupita kituo rasmi. Hiyo yetu ya kambini, ya wakimbizi kuchaguliwa na kuletwa Marekani, ni mlango mwingine kabisa, na Januari 2025 ulifungwa. Shangazi yangu yuko kambini mpaka sasa hivi, intavyu zote alimaliza, vipimo vya afya alimaliza, masufuria na godoro alishauza akisubiri flaiti, flaiti ikafutwa. Mwambie mzee apange foleni hiyo.

Ila mzee, sikuandika ili tugombane. Najua Kilingala unakijua kuliko sisi wote, na Kifaransa pia. Hapa mjini kuna akina mama wawili wana intavyu ya asailamu mwezi ujao, mmoja ana mapacha, na ofisi ya uhamiaji siku hizi haitoi mkalimani, unaenda na wako. Mi Kilingala changu ni cha kununulia samaki tu. Tunakutana kanisani Jumamosi saa nne, baada ya watu wa kwaya kutoka.

Mama Furaha,
Fort Worth, Texas