Kabla Ulipie Kupandikizwa Nywele, Uliza Ni Nani Atashika Kifaa

Kuna lalamiko moja linarudi kila mwezi kwa simu yetu ya ofisi, na nimeona afadhali niandike jibu mara moja wote wasome. Mtu analipa ada ya kumuona daktari, anakaa pale karibu lisaa, anaangaliwa kichwa na lenzi, anaulizwa maswali mpaka ya babake na wajomba zake, halafu mwishowe anaambiwa kupandikiza sio sasa, ama sio kabisa. Akifika nyumbani anatuma meseji: mmekula pesa yangu na hamjanifanyia kitu. Wa juzi aliongeza kwamba kuna mahali tao wamemwambia hata hakuna haja ya kuonwa, atume tu picha kwa WhatsApp, alipe nusu kwa M-Pesa na aje Jumamosi, na bei yao haifiki nusu ya yetu. Kwa hivyo kwa akili yake sisi ndio wezi.

Mimi ndio hupokea simu hapa kliniki na ndio hupanga siku za daktari, haya yote hupitia kwangu. Na nasema bila kuzunguka: huyo aliyekubali kichwa chako kwa picha hajakupunguzia bei, amekurukisha hatua yenye ilikuwa ya kukulinda wewe.

Juu kukatika nywele sio kitu kimoja. Kuna upara wa kurithi, ule wa kuanza pembeni mwa paji na utosini, huo ndio watu wengi wanajua. Kuna nywele za mbele kuisha kwa sababu ya kusukwa lines za kubana tangu darasa la tatu. Kuna alopecia areata, inatoka viduara laini ghafla, na hiyo haitaki upasuaji. Kuna mashilingi, ambayo ni fangasi na inatibiwa na vidonge. Na kuna ile inawashika sana dada zetu na mama zetu, inaanzia katikati ya kichwa na kusambaa, inaua mzizi na kuacha kovu chini ya ngozi, madaktari wanaiita CCCA. Hiyo ukipandikiza kabla itulie, ugonjwa unakula na zile mpya. Alikuja hapa mama mmoja kutoka Buruburu, utosi umeisha, anasema panachoma na panawasha usiku, na tayari alikuwa amelipa dipoziti mahali pengine. Daktari wetu alikata kipande kidogo sana cha ngozi akapeleka maabara, majibu yakarudi ni CCCA na bado iko moto. Akawekwa kwa dawa, na kupandikiza kukasukumwa mbele mpaka ikae kimya zaidi ya mwaka mzima. Alinikasirikia mimi kwa simu vibaya sana, na namuelewa, mtu akishaamua anataka nywele anazitaka jana. Lakini pesa yake ya kupandikizwa bado anayo, na ile dipoziti nyingine hajawahi kurudishiwa.

Kwa wanaume wa Nairobi kuna ingine, na hii picha ya mbele haiwezi kuonyesha hata siku moja: vipele vya kisogo. Vile vinatoka baada ya kinyozi kupitisha mashine karibu sana na ngozi, vinakuwa vigumu, wengine vinawatoa usaha mpaka vinashikana vinakuwa uvimbe. Sasa kumbuka nywele za kupandikiza zinatolewa hapo hapo nyuma na pembeni. Mtu ako na vipele hai, ama ukoo wao una keloidi, yale makovu yanayovimba, za masikio na kifua, halafu anatobolewa kisogo mamia ya matobo bila hata kuulizwa? Daktari wetu akiinamisha kichwa chako na kupapasa kisogo na vidole, hiyo ndio anatafuta.

Halafu kuna hii stori ya kisogo chenyewe. Sababu ya nywele za nyuma kutumika ni kwamba zinabeba tabia yao ya kutokatika popote zinapoenda, daktari Norman Orentreich wa New York aliliandika hilo mwaka 1959 na mpaka leo kazi yote imesimama hapo. Mzee ako na upara juu lakini pale nyuma nywele ziko hadi anazikwa, umewahi kujiuliza kwa nini? Basi ukitoa moja nyuma ukaipanda mbele, inaishi mbele. Lakini kule nyuma ilikotoka haioti ingine. Kisogo ni kitalu ambacho mbegu yake haiongezwi tena, ukiharibu miche ndio basi. Ndio maana nakasirika mtu akiniambia "kama hawa wa bei ya chini wataharibu, nitakuja kwenu mrekebishe." Turekebishe na nini? Kuna jamaa wa Thika Road alikuja hivyo, kisogo kimechimbwa kama hakina mwenyewe, viraka viraka, mpaka juu ya masikio ambako hata hapafai kuguswa, na mbele zilizoshika ni za kuhesabu. Daktari alimuangalia kimya kwa muda, akamwambia ukweli, kwamba kilichobaki hakitoshi kufunika alichotaka, kinaweza kusaidia tu mstari wa mbele kidogo, na wakizungumza vizuri labda zitolewe zingine kwa ndevu. Alilipa mara mbili, na hajawahi kupata kichwa ambacho angepata mara ya kwanza.

Na nywele zetu sisi ni ngumu zaidi kutoa, hili wengi hawaambiwi. Ukiona nywele imejikunja juu, mzizi wake chini ya ngozi pia umejikunja. Kifaa cha kutolea tunaita panchi, ni kijisindano cha mviringo chenye mdomo wa karibu milimita moja. Ukikiingiza moja kwa moja kama kwa nywele zilizonyooka, kinakata mzizi katikati na hiyo nywele imekufa. Kwa hivyo siku ya kazi daktari hatoi tu na kuendelea. Anatoa chache kwanza kutoka sehemu tofauti, zinawekwa chini ya maikroskopu, anaangalia ngapi zimetoka nzima na ngapi zimekatwa, halafu anabadilisha saizi ya panchi, kina na pembe. Madaktari wa Marekani waliandika kuhusu jaribio hilo mwaka 2002 na wakasema wazi kuna watu ambao zikitolewa moja moja zitaharibika tu. Ikiwa wewe ni mmoja wao, unataka uambiwe baada ya kumi ama baada ya elfu mbili?

Nikizungumzia hesabu. Grafti, yaani kile kipande kidogo kinachotolewa na mzizi wake, sio nywele moja, inaweza kuwa na moja mpaka nne. Kuna mteja alikuja akijivuna amewekewa "4,000" kwa siku moja kwa bei ya kutupa, kumbe walihesabu nywele, sio grafti. Hapa zikitoka zinapangwa kwa sahani zikiwa kwa maji ya chumvi ya baridi, kumi kumi, za nywele moja kando, za mbili kando, za tatu kando, na ukitaka kuletewa uangalie unaletewa, hata katikati ya kazi, ukiwa umelala hapo na ganzi. Za moja ndio zinaenda mstari wa mbele kabisa ndio usionekane kama mswaki, hizo nene zinarudi nyuma. Iliyokatwa haihesabiwi kwa bili yako. Zikikauka zinakufa, ndio maana utaona wasaidizi wanaongea kidogo na wanaharakisha.

Wasaidizi wako, sikatai, kila kliniki ya hii kazi inao na wetu ni wazuri sana. Wanapanga, wanasafisha, wanaweka grafti kwa matundu daktari akiwa hapo. Lakini kupima kama unafaa, kuchora laini ya mbele, kudunga ganzi, kutoa na kupasua matundu, hiyo ni kazi ya daktari mwenye leseni. ISHRS, chama cha kimataifa cha madaktari wa kurudisha nywele kilichoanzishwa 1993, kinapiga kelele kuhusu hili kila mwaka, mpaka kimetenga tarehe 11 Novemba kukumbusha watu kuhusu wale walioharibiwa na wasio na leseni. Ujanja wenye tunaona hapa ni huu: jina la daktari liko kwa ukuta na kwa bango, lakini siku yako humuoni, ama anapita dakika tano anakusalimia, na anayekutoboa ni mtu alifunzwa wiki kadhaa na muuza mashine.

Kwa hivyo usiulize "mko na daktari?" Kila mtu atakwambia ndio. Uliza jina lake kamili, halafu ingia kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza la kusajili madaktari Kenya, ulitafute kwa rejista. Utaona kama yuko, na kama leseni yake ni ya mwaka huu, maana inalipiwa kila mwaka, ile ya fremu kwa ukuta inaweza kuwa ya zamani. Kliniki yenyewe pia lazima iwe imesajiliwa kama kituo cha afya, leseni ya biashara ya kaunti sio leseni ya kupasua mtu. Uliza alisomea nini baada ya udaktari wa kawaida, wengi wanaofanya hii wametoka upande wa ngozi ama upasuaji wa plastiki. Omba picha za watu weusi wenye nywele kama zako, baada ya mwaka mmoja, kisogo pia kikionekana. Na muulize wazi, wewe mwenyewe utakuwa ndani ya chumba kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Daktari wetu huulizwa hivyo na hajawahi kukasirika. Akikasirika, jua.

Watu pia hunung'unika "nimekuja nywele mnanipima uzito na presha ya nini?" Ile dawa ya ganzi, lidocaine, ina kipimo cha mwisho kulingana na kilo zako, na kichwa kizima kwa siku nzima ni dawa nyingi. Ikizidi inaweza kukuletea degedege, hata kusimamisha moyo. Mtu wa salon ako na nini cha kukusaidia hiyo ikitokea Jumamosi saa kumi jioni?

Hiyo ndio bei yetu. Siku nzima ya daktari, mtu mmoja kwa siku, wasaidizi, panchi mpya, na miadi ya kurudi bila malipo kwa mwaka. Hatushushi, na mtu akiniambia nimfanyie ya dipoziti nusu bila kuonwa, hapana. Hii mambo ya mwaka ni muhimu kwa sababu zile nywele zilizopandwa huanguka karibu zote kati ya wiki ya pili na ya nane, kila mtu hunipigia akilia, na ni kawaida kabisa. Zinaanza kurudi mwezi wa tatu ama wa nne, matokeo kamili ni mwaka na wakati mwingine mwaka na nusu. Mwenye alikufanyia vibaya anajua hilo vizuri. Atakwambia "ngoja" miezi kumi, na ukichoka kungoja, unapiga unaskia mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Wale wa kwenda Istanbul na zile bei za pamoja na hoteli, sina shida, kuko na madaktari wazuri huko. Maswali ni yale yale tu, na uongeze moja: ukirudi Umoja siku ya kumi kisogo kinatoa usaha, nani atakiangalia?

Na vijana. Kijana wa miaka 23 alikuja na picha ya mchezaji mpira, anataka laini iwe chini na imenyooka hivyo. Daktari alimkatalia, akamwambia upara wake bado unatembea, aanze dawa kwanza na arudi baadaye tuone unaelekea wapi. Akatuita waoga, akaenda kwingine. Sahii ile laini iko mbele peke yake na nyuma yake pameendelea kuisha, anavaa kofia hata ndani ya matatu, na kila akinipigia ananiuliza kama inaweza kutolewa.

Ada ya kumuona daktari inabaki vile iko na hairudishwi hata jibu likiwa hapana. Ukikubaliwa, inakatwa kwa bili ya kazi. Ukija, fungua braids ama lines siku mbili kabla, usinyoe kipara, beba chupa za dawa zote unazotumia hata zile za mitishamba, na kama mtu alishakugusa kichwa kabla yetu sema, hatutakugombeza. Jina la daktari na namba yake ya usajili nakutumia kwa WhatsApp kabla hujalipa shilingi yoyote, ukaitafute mwenyewe.