Mjomba, kuna mota moja ambayo haikuungua

Shikamoo Mjomba,

Uliposema kwenye kundi la familia kwamba kitu kinachozunguka ndicho hufa kwanza, nilinyamaza kwa adabu. Umesuka mota za pampu na za mashine za kusaga tangu sijazaliwa, nani akubishie? Leo naomba nikubishie hadharani, kwa mota moja tu.

Imo ndani ya Voyager 2, chombo cha anga kisicho na watu ambacho Marekani ilikirusha Agosti 20, 1977. Watu wakisikia Voyager hukimbilia ile sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55 (Kiganda kimo, Kiswahili hakimo, tuyaache hayo). Mimi nakitaka kifaa kiitwacho LECP, kazi ya timu ya Stamatios Krimigis, Mgiriki wa kisiwa cha Chios, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Kilikuwa kikipima ioni, yaani atomu zilizonyang'anywa elektroni, hasa zile zilizopewa mbio kali. Ioni ikiingia hupenya kipande chembamba cha silikoni, na nishati inayoiacha humo hutoka kama mpigo wa umeme. Mpigo mkubwa, nishati kubwa. Mpaka hapo hakuna haja ya mota.

Tabu ni mwelekeo. Voyager haijizungushi, imetulia, antena ikiikabili Dunia. Kifaa kilichokazwa mahali pamoja kingeona upande mmoja maisha yake yote. Ndiyo maana wakaweka mota ya hatua: inageuka nyuzi 45, inasimama, kifaa kinapima, inageuka nyuzi 45 tena. Takriban kila dakika tatu hatua moja, usiku na mchana, na hakuna fundi wa kupanda kuitia grisi.

Na usidhani ilikuwa mbwembwe. Kwenye Voyager 1, pacha wake mwenye LECP yake, kifaa kilichopima moja kwa moja upepo wa Jua (chembe zenye umeme ambazo Jua huzipuliza nje) kilikufa mwaka 1980. LECP ya huko ikabeba mzigo usio wake: ioni zikija nyingi kutoka upande mmoja kuliko wa pili, tofauti hiyo inakupa kasi ya upepo. Mwaka 2010, kilomita bilioni 17 kutoka kwenye Jua, tofauti ikaisha. Upepo ulikuwa umeacha kusonga kwenda nje! Wakaanza hata kukilaza chombo kizima ubavu mara kwa mara, ili mota ifagie pande ambazo haikuzifikia, wajue kama upepo umegeukia kwingine. Kisha Agosti 25, 2012, ioni za huku kwetu, upande wa Jua, zikaporomoka na miale ya kutoka kwenye nyota za mbali ikapanda. Voyager 1 ilikuwa imetoka nje ya himaya ya Jua, yaani eneo linalotawaliwa na upepo wake.

Sasa hesabu yako, Mjomba. Kabla ya safari, mota hiyo ilijaribiwa kwa hatua 500,000, za kuifikisha sayari ya Zohali. LECP ya Voyager 2 ilipozimwa Machi 24, 2025, mota ilikuwa imepiga zaidi ya hatua milioni 8.5. Mara 17 ya jaribio.

Nayo ilizimwa nzima. Kilichopungua ni umeme: jenereta za plutoni hupoteza kama wati 4 kila mwaka, na kila kifaa kinachozimwa kinawaachia wenzake muda. Kwa hiyo kanuni yako naikubali kwa mashine za kusaga. Kwa hii, nipigie jioni tubishane.

Mpwa wako