Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: roboti za usafi zinakufa kabla ya siku zao

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi na heshima. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili limenizidi kimo. Kwenye kona ya karakana yangu kuna debe la bati lililojaa mchanga, na ndani ya mchanga huo nimefukia betri 14 za roboti za kufagia. Niruhusu nieleze zilivyofika pale.

Wiki chache zilizopita mama mmoja aliniletea roboti yake, ile ya duara, bapa kama sinia, inayozunguka sakafuni ikifyonza vumbi. Ilikuwa na umri wa miaka 2 na nusu. Waliomuuzia walikuwa wameshamwambia imekufa, anunue nyingine. Nikailaza chali. Kigurudumu cha mbele kilikuwa kimesongwa na nywele, zimejiviringisha kwenye mhimili wake mpaka plastiki ikaanza kulika. Nikazikata kwa wembe. Kile kijicho kinachohesabu mizunguko ya gurudumu kilikuwa kimefunikwa na vumbi laini, nikakifuta kwa pamba. Dakika 20 hazikuisha, roboti ikatembea.

Ikatembea dakika 10, ikazima. Betri ilikuwa imechoka. Kuifikia ilibidi nifungue skrubu 16, ning'oe ubao wa sakiti, halafu nipambane na gundi, nikijua kwamba bisibisi ikiteleza na kutoboa seli ya lithiamu, moto unaweza kuwaka palepale mezani. Nilipoitoa, betri ya aina ile haikupatikana popote. Modeli yenyewe ilikuwa imeshaachwa kutengenezwa. Basi mota zote nzima, magurudumu mazima, ubao wa sakiti mzima, vyote vikawa taka kwa sababu ya kitu kimoja ambacho kila aliyehusika kuiunda alijua tangu mwanzo kwamba kitachoka. Yule mama alibaki ameishika mikononi kwa muda, akaniuliza, "Sasa fundi, nikaitupe wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sina ugomvi na mashine hizi, Mheshimiwa. Nimewaona wazee wasioweza tena kuinama, na watu wenye maumivu ya mgongo, wakiishi kwenye nyumba safi kwa msaada wake. Ninachokipinga ni namna zinavyoundwa na zinavyoachwa zife.

Mara nyingi mjadala wa mazingira huelekezwa kwenye umeme, nami naona hapo tunatazama mahali pasipo na tatizo kubwa. Piga hesabu. Betri ya volti 14.4 yenye mAh 5,200 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) inabeba wati-saa zipatazo 75. Hata ikimalizwa na kujazwa kila siku, ukiacha kinachopotea kwenye chaja, kwa mwaka ni uniti kama 27, uniti moja ikiwa wati-saa 1,000. Cha ajabu ni kwamba kituo cha kuchajia kikivuta wati 3 tu usiku na mchana, kwa mwaka nacho kinakula uniti 26. Yaani roboti inaweza kutumia umeme karibu ule ule kwa kusubiri kama kwa kufagia. Hilo lirekebishwe, na vile vituo vikubwa vya roboti zinazopiga deki pia, vinavyokausha vitambaa vyake kwa hewa ya moto kwa saa kadhaa, navyo vitazamwe. Lakini mzigo mzito uko kwenye madini yaliyokwisha kuchimbwa kabla mashine haijawashwa mara ya kwanza: lithiamu na mara nyingi kobalti ndani ya betri, neodimiamu kwenye sumaku za mota, shaba na dhahabu kwenye ubao wa sakiti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tunajua inachimbwa kwa jasho gani. Jasho hilo halilipwi na mashine inayoishi miaka 2 na nusu.

Vitambaa vya kupigia deki, ambavyo mara nyingi ni vya polista na huachia nyuzi za plastiki kwenye maji machafu, pamoja na mifuko ya vumbi ya kutumia mara moja, navyo ni taka. Nimevitaja ili visisahaulike.

Pia roboti hizi zimekuwa zikipenya kwenye matundu ya sheria hata kule wanakojisifu kwa sheria kali. Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni namba 666 ya 2013 kuhusu mashine za kufyonza vumbi, uliweka kikomo cha wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, ukakishusha hadi wati 900 Septemba 2017, na ukataka mota idumu angalau saa 500. Roboti ziliachwa nje ya kanuni hiyo kwa maandishi kabisa. Sasa kuna kanuni yao mpya ya betri, namba 1542 ya 2023. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ndogo ndani ya vifaa lazima mtumiaji aweze kuitoa na kuibadilisha mwenyewe, na betri za akiba zipatikane kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kifaa cha mwisho cha modeli hiyo kuingizwa sokoni. Hata hapo kuna msamaha kwa baadhi ya vifaa vya kutumika kwenye maji, ambavyo betri zake zinaweza kuachiwa fundi peke yake. Nina hofu watengenezaji wa roboti za kupiga deki watataka kujificha humo. Ukiandika sheria yetu, tafadhali uzibe tundu hilo tangu mwanzo.

Kuna kifo kingine kisichohusu betri. Kampuni ya Neato ya Marekani, iliyokuwa ikiunda roboti hizi, ilitangazwa kufungwa mwaka 2023, na wateja wakaahidiwa kwamba huduma za seva, yaani kompyuta za mbali ambazo roboti huwasiliana nazo kwa intaneti, zitaendelea kwa miaka 5. Mwaka 2025 wakaarifiwa kwamba seva zinazimwa. Mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, ikapoteza ramani na ratiba zake na kubaki ya kubonyezwa kitufe, kwa kuwa kompyuta iliyo mbali imezimwa. Roboti inayofagia chumba cha kulala haina sababu ya kuomba ruhusa kwenye seva ng'ambo ya bahari. Sheria imlazimishe muuzaji aihakikishe inafanya kazi zake zote bila intaneti, au programu yake iachwe wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha siku kampuni inapofunga milango.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Katika kundi la vifaa vidogo, ambamo mashine za kufyonza vumbi zimo, kiwango hicho ni asilimia 12. Zinazobaki huishia kwenye droo, kwenye jaa, au kwenye gari la taka, ambako betri ikishindiliwa pamoja na makaratasi inaweza kulipuka na kuwaka. Watakaokuwa karibu na moto huo ni wale wanaoning'inia nyuma ya gari.

Ndiyo maana ninaomba anayeingiza roboti hizi sokoni awajibike kuipokea betri iliyochoka pale pale alipouzia mpya, bila malipo na bila kumuuliza mteja risiti. Bila hilo, hata betri zikitolewa kwa urahisi, tutakuwa tumeongeza tu idadi ya madebe kama langu.

Mchanga ule ninaubadilisha kila unaposhika unyevu. Watoto wa jirani hupita karibu na mlango wakitoka shule, kwa hiyo nimeweka jiwe juu ya kifuniko. Mheshimiwa, naomba ofisi yako inijibu swali la yule mama: betri hizi 14 nizipeleke wapi?

Wako mtiifu,
Fundi wa vifaa vya umeme