Gauni la Salma limepata mtu

Limerick, Ayalandi

Dada Mwajuma,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Sisi huku wazima, ila baridi haijatuachia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, nikacheka peke yangu pale uliposema, "Yaani mtu anatoa euro mia sita kwa mtumba wa kuchezea ngoma, tena hajauona kwa macho?" Ndiyo dada, anatoa. Umeniomba nikueleze tulivyouza mtandaoni gauni la ngoma la binti yangu Salma, kwa sababu ya yale magauni yako ya send-off unayoyaposti, basi leo nina siku ya mapumziko, kaa chini nikusimulie.

Kwanza ulijue gauni lenyewe, la sivyo utadhani watu wa huku wamerukwa na akili. Katika ngoma yao ya Kiayalandi mwili unasimama wima, mikono imenyooshwa ubavuni, kazi yote ni ya miguu. Kwa hiyo gauni ndilo linalosema kwa niaba ya kiwiliwili. Mikono yake mirefu, kiuno kimebana, sketi inaishia juu ya magoti. (Mama aliuliza habari ya miguu wazi. Mwambie Salma anavaa taitsi nyeusi nzito, na wenzake wa rika lake vilevile.) La Salma ni kijani iliyokoza, limetariziwa yale mafundo ya Kiselti, mapambo yao ya kale, yanayozungukana bila mwisho, na juu yake vimebandikwa vito vya kioo, kimoja kimoja, kwa gundi. Ndani ya sketi mna kitambaa kigumu ili isilegee mtoto anaporuka. Ukilinyanyua mkono unahisi uzito. Nilimfikiria fundi aliyelishona, nikakufikiria na wewe.

Jipya la namna hiyo linavuka euro 1,000, na kwa mafundi wenye majina linafika 2,000 na kupita. Mtoto naye haachi kurefuka, analivaa mwaka, pengine miwili. Anayeanza haruhusiwi kabisa kuvaa gauni la namna hii kwenye mashindano yao, wanayoyaita feis. Huvaa sketi na blauzi au sare ya shule yake ya ngoma hadi apande ngazi. Ndiyo maana hata wenye uwezo wananunua mtumba bila aibu, na siku za mashindano utaona kinamama wametundika magauni ukumbini kama dukani. Lakini wanunuzi hawako Ayalandi tu. Waayalandi walihamia Marekani, Uingereza na Australia vizazi vingi vilivyopita na ngoma yao wakaenda nayo. Halafu mwaka 1994, kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision yaliyofanyika Dublin, likaonyeshwa onyesho la ngoma hiyo liitwalo Riverdance katikati ya kipindi, dakika chache tu, na baada ya hapo hata mataifa yasiyo na damu ya Kiayalandi wakataka kujifunza. Sasa gauni linalokaa kabatini Limerick, mwenye mwili wake huenda yuko Boston. Atalipataje bila mtandao?

Na palipo na bidhaa ghali, haraka na watu wasiojuana, tapeli hachelewi. Tulipoliweka tu mtandaoni, ujumbe ukaanza kumiminika. Mmoja akaandika, "Bado lipo? Nalichukua." Hakuuliza bei ya mwisho, hakuuliza saizi. Akasema yuko safarini, atamtuma msafirishaji nyumbani kwangu na pesa taslimu ndani ya bahasha, ila kwanza mimi nilipie bima ya msafirishaji, nitarudishiwa. Mwingine akatuma linki, eti niingize namba za kadi yangu ili nipokee malipo. Dada, tangu lini mtu akatoa namba ya siri ili apokee? Wa tatu akanitumia barua pepe yenye nembo nzuri ya kampuni ya malipo, ikisema fedha zimeshaingia ila zimezuiwa hadi nitume namba ya kufuatilia mzigo. Nikafungua akaunti yangu mwenyewe, si kwa linki yake, nikakuta patupu. Hao wote ni ndugu wa yule wa kwetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na yuko wa aina nyingine, anayekulipa zaidi halafu anakuomba umrudishie iliyozidi. Malipo yake ya mwanzo yanakuja kufutwa baadaye, ulichorudisha kimekwenda.

Mnunuzi wa kweli nimemjua kwa maswali. Gauni hili halinunuliwi kwa S wala M. Mama mmoja wa Galway, huku huku Ayalandi, alitaka vipimo vya kifua, kiuno, nyonga, mkono, bega hadi kiuno, kiuno hadi pindo. Kisha akaniambia, "Weka futi ya fundi juu ya gauni, upige picha, nisome mwenyewe." Nikalilaza kitandani, nikashika futi kwenye mshono wa bega kwa kidole gumba, nikaivuta hadi kiunoni, Salma akapiga picha. Akauliza ndani ya mishono ya ubavuni kumebaki akiba kiasi gani, maana upana unaweza kuachiwa lakini urefu wa bega hadi kiuno hauna dawa. Akataka picha ya bitana kwapani, ambako jasho huonekana. Akauliza kama nyumbani kuna paka au mvuta sigara. Wewe fundi ungempenda. Tapeli hana habari na akiba ya mshono, hana mtoto wa kumvika. Tangu hapo kila aliyekuja na haraka nilimwuliza mimi: mchezaji wako ana urefu gani, yuko ngazi gani? Wengi hawakujibu tena.

Kuhusu picha, nilionyesha kila kasoro. Karibu na pindo, kiatu kigumu kinapopiga, vito kadhaa vimedondoka, nikapiga picha ya karibu na nikaandika vilivyopotea. Si uungwana tu. Mnunuzi akija kudai hakuambiwa, maandishi yapo. Halafu pembeni ya gauni niliweka kikaratasi chenye jina langu la kwanza na tarehe, kwa sababu kuna wanaoiba picha za wenzao na kuuza gauni wasilokuwa nalo. Sura ya Salma sikuiweka, wala namba yake ya mashindano, wala jina la shule yake. Wazazi wengine huweka mtoto mzima anacheza, gauni linapendeza kweli, ila mimi moyo unakataa mtu nisiyemjua ajue binti yangu ni nani na anapatikana wapi kila Alhamisi. Gauni lilining'inia kwenye henga mlangoni, likauzika.

Malipo ndiyo penye mzizi. PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, ina njia mbili: ya kutumiana marafiki na jamaa, na ya bidhaa. Ile ya marafiki haina makato sana, lakini haimlindi anayenunua, kwa hiyo mgeni anayekulazimisha ulipe kwa njia hiyo mkimbie. Mama wa Galway alitaka ya bidhaa, nikakubali na makato tukagawana. Ila nayo ina masharti yake kwa muuzaji: mzigo uende kwenye anwani ileile iliyo kwenye malipo, uwe na namba ya kufuatilia, na kwa thamani kubwa uwe na saini ya mpokeaji. Mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, hivyo risiti ya posta sijaitupa. Na kama mtu anakuja kulichukua mwenyewe, usipokee kwa njia hiyo, kwa kuwa huna ushahidi wa kumkabidhi. Hapo ni taslimu, au benki kwa benki, nawe uone salio kwenye simu yako, si kwenye skrinshoti yake. Mahali ni ukumbini penye watu, siyo nyumbani.

Mnunuzi angekuwa wa Uingereza au Marekani ningekuwa na kazi zaidi. Tangu 2021 mzigo wa kwenda Uingereza unajaziwa fomu za forodha, isipokuwa wa Ayalandi ya Kaskazini. Marekani nao Agosti 2025 wameondoa ule msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800. Mnunuzi aambiwe mapema kwamba ushuru ni wake. Wapo wanaokuomba uandike "zawadi, euro 50". Mimi siandiki. Kwanza ni uongo, pili likipotea bima italipa hizo hizo 50.

Kulifunga tulilipindua nje ndani vito visikwaruzane, tukajaza karatasi laini mikononi, na sketi tukailaza bapa ndani ya boksi pana kwa sababu kile kitambaa kigumu kikikunjwa hakinyooki tena. Video ya kufunga nilichukua mwanzo hadi mwisho.

Kwa magauni yako, dada, usiangalie meseji ya M-Pesa wanayokuonyesha. Piga salio mwenyewe ndipo umkabidhi bodaboda. Wanaokodisha wakuachie amana. Na vipimo andika vyote, usiseme tu "inamtosha wa kati". Wateja wako wa Dar watapunguza kurudisha.

Katika pesa hizo nimetuma kidogo kwa Hamisi kwa ajili ya miwani ya Mama. Mpeleke wewe mwenyewe, Hamisi atasema kesho hadi Ramadhani. Salma anahitaji gauni jingine, refu zaidi, nami nimeshaanza kuyapitia ya wenzake. Usiku nakaa na futi mkononi nikiwasumbua watu kwa maswali ya kwapa na bitana. Akipata, nitakutumia picha ya ndani, uniambie ushonaji wake ukoje kabla sijalipa.

Nisalimie wote wa Ngamiani, na watoto uwabusu.

Mdogo wako,
Rukia