Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafanyabiashara wa Dagaa, Kigoma

Ndugu wanachama,

Mapato, matumizi na hali ya mfuko wa kufa na kuzikana mtavisikia kwa mhazini, nami sitavirudia. Nitatumia nafasi yangu kueleza jambo lililotutia hasara kubwa kuliko yote mwaka huu, nalo ni namna tunavyoamua bei tukiwa ndani ya kundi letu la WhatsApp.

Mtakumbuka ule ujumbe wa sauti uliozagaa usiku mmoja, ukidai kwamba ziwa lingefungwa tena kabla ya wakati. Kwa kuwa tulikwisha kuonja kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hofu ilipata pa kushika. Mmoja aliandika kwamba ananunua kwa bei yoyote, wa pili akamfuata, na kufikia alfajiri hakuna aliyethubutu kuuliza habari imetoka wapi, ingawa wengi wameniambia faraghani kwamba walikuwa na shaka tangu mwanzo. Ziwa halikufungwa. Giza la mwezi lilipoingia wavuvi walitoka na taa zao, dagaa wakajaa mwaloni Kibirizi, bei ikaanguka, na mzigo tulioununua kwa mkopo ukabaki stoo hadi ukabadilika rangi. Ujumbe ule ulikuwa na alama ya mishale miwili, ambayo huwekwa kwenye habari iliyokwisha kupita mikono mingi. Niliiona, na bado nikausambaza. Naomba kosa langu hilo liingie kwenye muhtasari.

Sisemi kwamba tuache simu. Utafiti wa mwanauchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba simu za mkononi zilipowafikia wavuvi wa sadini wa Kerala, India, tofauti za bei kati ya soko na soko zilipungua sana na samaki wakaacha kutupwa. Kule mvuvi alipiga simu kuuliza bei iliyopo sokoni; sisi usiku ule tulikuwa tukisomeana hofu.

Karne moja kamili kabla ya utafiti huo, mwaka 1907, mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe kwenye maonyesho ya mifugo. Zilikuwa tiketi 787, kila mtu ameandika lake, na kisio la katikati, yaani linaloangukia katikati visio vyote vikipangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, lilikosea kwa chini ya asilimia moja. Kwa kufuata njia hiyo, kamati imeagiza kwamba kila mwanachama amtumie katibu kwa faragha bei anayoitarajia, naye azitangaze zote pamoja bila majina, ndipo mjadala ufunguliwe. Wapo wanaonung'unika kwamba tumegeuza dagaa kuwa uchaguzi mkuu.

Utaratibu huu una upungufu ambao sitauficha. Akina mama wanaoanika mwaloni, wengi wao wakitumia simu za kitochi, hawamo kundini, ilhali wao ndio wanaojua mzigo uliolala ni kiasi gani. Kamati inapendekeza chama kilipie vocha ili katibu awapigie kila jioni. Pendekezo hilo ni ajenda ya sita, nami naomba mlijadili kabla sijasema ninavyoliona.