Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtaji Wetu Uko Kwenye Marudio

Ndugu wanachama, wachimbaji wenzangu wa dhahabu,

Naanza na maji, maana ndiyo yaliyotusimamisha. Masika yote duara kuu, yaani shimo letu kubwa la kuchimbia, lilijaa, na pampu mbili ziliungua. Fundi alipofungua mota alikuta koili imekuwa nyeusi tii. Pampu hazikuwa mbovu. Tulivuta umeme kutoka kwenye jenereta hadi chini kwa waya mwembamba, ukafika umepungua nguvu, mota ikavuta ampea nyingi hadi ikachemka. Waya mnene umenunuliwa. Maji yavutwe kila siku, hata siku zisizo na kazi, kwani matimba (magogo yanayoshikilia kuta za shimo) yanayoloa na kukauka huoza haraka, na hapo tunazungumzia maisha ya watu.

Mwamba nao umebadilika. Ule mwekundu uliooza umekwisha. Sasa tunapiga mwamba mbichi wenye salfaidi (madini ya salfa yanayoifungia dhahabu ndani), na mwalo (mteremko wa kuoshea na kunasia dhahabu) na zebaki havikamati dhahabu kama zamani. Chukueni jiwe la gramu 8 kwa tani: mwalo ukitoa asilimia 35, gramu 5 na ushee zinabaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha. Marudio hayo tunamwachia mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), naye anayachenjua kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja.

Kuhusu mikopo, benki zote tulizozifuata ziliuliza mambo matatu: leseni hai, kumbukumbu za mauzo na takwimu za mashapo, yaani kiasi cha dhahabu kilichoko ardhini. Leseni tunayo. Mauzo yetu yana mapengo, kwa sababu baadhi yetu tunauza kichakani badala ya soko la madini, na mauzo yasiyo na stakabadhi benki haiyahesabu. Takwimu za mashapo zinahitaji uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kuchukua sampuli, ambao kwa sasa hatuumudu.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini ya kukata asilimia 10 ya kila mgawo kwa ajili ya kujenga matangi yetu ya kuchenjulia. Kwanza sampuli za marudio zipelekwe maabara, kwa kuwa salfaidi ikizidi hula sayanaidi na dhahabu haitoki. Tope laini lichanganywe na mchanga, la sivyo maji hayapenyi. Chokaa itangulie mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali) ifike 10.5, ikishuka, sayanaidi hugeuka gesi inayoua. Leseni ya uchenjuaji, cheti cha mazingira na usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vipatikane kabla ya tofali la kwanza.

Hadi idhini hiyo ipatikane, marudio ya duara kuu yasitoke karashani bila kupimwa na kuandikwa daftarini.